Kuchagua kinanda cha bei nafuu kwa anayeanza: mguso kwanza

Anayetafuta kinanda chake cha kwanza hupokelewa na tarakimu. Boksi limeandikwa sauti 400 (za piano, ogani, nyuzi na nyingine), midundo 140, nyimbo 100 za mfano, na pembeni kuna picha ya mtoto anayecheka. Karibu zote hazikuambii kama kinanda hicho kitamsaidia mtu kujua kupiga. Kinachosaidia ni jinsi kibonyezo kinavyoitikia kidole, na jambo hilo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya boksi, au haliandikwi kabisa.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye fedha kidogo ambaye hataki kununua mara mbili. Umepangwa kwa hatua. Ukikosa muda wa kusoma zote, soma ya tatu na ya saba.

Hatua ya 1: Amua unataka kupiga nini

Kabla ya kuangalia kinanda chochote, jiulize: baada ya mwaka mmoja ungependa mikono yako iweze kufanya nini?

Anayetaka muziki wa piano, mkono wa kushoto na wa kulia kila mmoja na kazi yake, anahitaji ala iliyo karibu na piano. Anayetaka kuimba huku akijisindikiza, au kusindikiza kwaya, atafaidi zaidi kinanda chenye midundo. Hapo unashika kodi kwa mkono wa kushoto, yaani nota tatu au zaidi kwa pamoja, na kinanda kinakuletea ngoma, besi na gitaa vinavyoifuata kodi yako. Anayetaka kutengeneza muziki ndani ya kompyuta anaweza kutosheka na kidhibiti cha MIDI, yaani lugha ambayo ala na kompyuta huzungumzia.

Hicho cha mwisho kina mtego. Kidhibiti cha MIDI hakina sauti yake chenyewe. Kina vibonyezo na waya wa USB, basi. Kwa kawaida hakina hata spika, na ukikiwasha peke yake kitakaa kimya. Kwenye picha kinafanana na kinanda, na kwa kuwa bei yake mara nyingi ni ya chini, wanaoanza wengi hukikimbilia. Kama huna kompyuta yenye programu ya muziki, achana nacho. Hata kama unayo, mimi bado nisingempa anayeanza. Mazoezi ya mwanzo ni ya dakika chache chache, na dakika hizo zikianza kwa kuwasha kompyuta, kufungua programu na kutafuta kwa nini sauti haitoki, ni rahisi kuahirisha hadi kesho.

Kama hujui bado jibu lako, fuata njia ya piano. Vidole vilivyofundishwa na vibonyezo vyenye mguso mzuri huzoea midundo upesi. Kinyume chake huchukua muda, maana mkono uliozoea kubonyeza tu hulazimika kuanza upya kujifunza kupima nguvu.

Hatua ya 2: Idadi ya vibonyezo, na ukubwa wake

Piano kamili ina vibonyezo 88: vyeupe 52 na vyeusi 36. Vinanda vya bei nafuu vingi vina 61, vyeupe 36 na vyeusi 25, yaani oktava tano (oktava ni umbali kutoka nota moja hadi inayofuata yenye jina lile lile; nota huitwa kwa herufi A hadi G). Wapo wanaoona aibu kununua cha 61, kana kwamba ni ala iliyokatwa. Hakuna sababu ya aibu. Piano ya mtunzi Mozart kule Vienna, iliyotengenezwa na Anton Walter, ilikuwa na oktava tano tu. Ilianzia kwenye nota ya F, wakati vinanda vya leo vya 61 kwa kawaida huanzia C iliyo juu yake kidogo, kwa hiyo utakosa nota kadhaa za besi. Lakini kwa mwaka wa kwanza, na kwa wengi hata wa pili, nafasi itatosha.

Chini ya 61 singeenda. Kwenye 49 mikono miwili huanza kusongamana mapema, na vinanda vya 32 au 37 ni vya kuchezea au vya kubeba kwenye begi la studio. Vile vya 76 ni vizuri, ila aina zake ni chache. Cha 88 ni uamuzi sahihi kama una hakika ni piano unayoitaka na una mahali pa kukiweka pasipohamishwa kila jioni.

Ukubwa wa kibonyezo kimoja kimoja ni jambo zito kuliko idadi. Vipo vinanda vyenye vibonyezo 61 vilivyopunguzwa upana, na muuzaji anayetangaza mtandaoni si lazima akueleze. Mkono ukijifunza umbali wa oktava kwenye vibonyezo hivyo, siku utakapokaa mbele ya piano halisi vidole vitaangukia pasipo pake. Hili linamhusu mtoto pia. Mkono mdogo unaweza kuanza na nyimbo zisizohitaji kunyoosha vidole, lakini uanze kwenye vibonyezo vya saizi kamili.

Kuna njia mbili za kuhakikisha. Dukani, chukua rula upime vibonyezo vyeupe saba vilivyofuatana: vinatakiwa vifikie kama sentimita 16.4. Mtandaoni, tafuta urefu wa kinanda chote. Vibonyezo vyeupe 36 vya saizi kamili peke yake vinachukua karibu sentimita 85, na ukiongeza kingo unapata kati ya 90 na 96. Tangazo likikuambia kinanda ni cha vibonyezo 61 na urefu wake ni sentimita 65, hesabu imekwisha kukujibu.

Hatua ya 3: Mguso

Kuelekea mwaka 1700, mjini Florence, Bartolomeo Cristofori, fundi wa ala aliyetumikia familia ya Medici, alitafuta dawa ya tatizo moja. Kinubi chenye vibonyezo cha wakati huo, harpsichord, kilikwanyua nyuzi, na kidole kikibonyeza kwa upole au kwa nguvu sauti ilikuwa karibu ile ile. Cristofori akaweka nyundo ndogo badala ya vikwanyuzi. Tangu hapo mpigaji akaweza kunong'ona na kupaza sauti kwenye kibonyezo kile kile. Piano yote imejengwa juu ya wazo hilo. Ndiyo maana inasikitisha kwamba zaidi ya miaka 300 baadaye bado vinauzwa vinanda ambavyo ukivigusa kidogo au ukivipiga kwa ngumi vinatoa sauti yenye nguvu moja.

Kinanda cha umeme hakina nyundo za kupiga nyuzi, kwa hiyo hutumia ujanja. Chini ya kila kibonyezo chenye mguso kuna vigusio viwili. Kidole kinaposhuka, cha kwanza hufunga, kisha cha pili. Kinanda hupima muda kati ya vigusio hivyo viwili: ukiwa mfupi, kidole kilishuka kwa kasi, basi sauti iwe kubwa. Ukiwa mrefu, iwe ndogo. Katika lugha ya MIDI kipimo hicho huandikwa kwa namba kuanzia 1 hadi 127. Kinanda kisicho na mguso hutuma namba ile ile siku zote.

Anayejifunza kwenye kinanda cha namna hiyo hapati taarifa yoyote kuhusu mkono wake. Hajui kama kidole cha nne, ukihesabu kuanzia gumba, ni dhaifu kuliko cha pili, maana vyote vinasikika sawa. Hajui kama mkono wa kushoto unaufunika wimbo ulio mkono wa kulia. Anaweza kufanya mazoezi mwaka mzima na kuzipata nota zote, kisha akaenda kwenye piano na kusikika kama anagonga mlango. Kwa hiyo hili ndilo sharti ambalo singelilegeza hata bajeti ikibana: vibonyezo viitikie nguvu ya kidole. Kwenye orodha ya sifa tafuta maneno "Touch Response" au "Touch Sensitivity". Yasipokuwepo, chukulia kwamba mguso haupo.

Hapa tarakimu moja inaweza kukuponza. Yamaha PSR-E273 na PSR-E373 zinafanana sura na zote zina vibonyezo 61, lakini ya kwanza haina mguso na ya pili inao. Casio CT-S200 haina, CT-S300 inayo. Soma namba yote ya toleo, si jina la kampuni peke yake, na usikubali kuambiwa kwamba ni kitu kile kile. Kuna mfano mwingine ninaoupenda kwa sababu unaonyesha jinsi idadi ya sauti inavyodanganya. Yamaha NP-12, ambayo siku hizi utaipata zaidi mtumba, ina sauti 10 tu, ilhali PSR-E273 ina 401. Kwa anayetaka kujifunza piano, ile ya sauti 10 ni bora kwa mbali, kwa sababu vibonyezo vyake vinasikiliza.

Mguso usichanganywe na uzito. Ni mambo mawili. Mguso ni kinanda kupima kasi ya kidole. Uzito ni upinzani ambao kidole kinakutana nao. Vibonyezo vyepesi hurudi kwa spring na vimejaa kwenye vinanda vya bei nafuu. Vya uzito wa kati huongezewa upinzani kidogo. Vya nyundo vina nyundo halisi ndani, ambazo hazipigi nyuzi bali zinaupa mkono hisia ya piano, na kwa kawaida upande wa besi huwa mzito kuliko upande wa juu. Kwenye piano halisi kibonyezo huhitaji mzigo wa karibu gramu 50 ili kishuke.

Vibonyezo vya nyundo ndivyo bora kwa piano, na utavikuta kwenye piano za dijitali za daraja la chini kama Yamaha P-45 na mrithi wake P-145, Casio CDP-S110 na Roland FP-10. Ni ghali kuliko vinanda vya 61 na ni vizito kubeba: P-45 ina kilo 11.5 na FP-10 kilo 12.3, wakati CT-S200 ina kilo 3.3 tu. Ukiweza kuifikia mojawapo, hata ikiwa imetumika, na lengo lako ni piano, ichukue. Usipoweza, vibonyezo vyepesi vyenye mguso ni mwanzo wa heshima kabisa. Vibonyezo visivyo na mguso sivyo.

Hatua ya 4: Nota ngapi zinaweza kulia kwa wakati mmoja

Kila kinanda kina kikomo cha nota zinazoweza kulia kwa pamoja. Vya chini kabisa huishia 32, vya kati 48 au 64, piano za dijitali 64, 96, 128 au zaidi. Una vidole kumi, kwa hiyo 32 inaonekana nyingi. Tatizo huja ukikanyaga pedali ya kuendeleza sauti, maana nota za nyuma zinaendelea kulia wakati unapiga mpya, na kwenye sauti nyingine nota moja hula nafasi mbili. Midundo nayo inakula humo humo: ngoma, besi na nyuzi zote zinahesabiwa. Kikomo kikifika, kinanda hukata nota ya zamani bila kukuuliza.

Kwa mwaka wa kwanza 48 inatosha vizuri, na 64 ni raha. Lakini ukilazimika kuchagua kati ya 32 yenye mguso na 64 isiyo na mguso, chukua yenye mguso.

Hatua ya 5: Geuza kinanda uangalie nyuma

Matundu ya nyuma yanaeleza mengi kuhusu ala.

La kwanza ni la hedifoni. Usinunue kinanda kisicho nalo. Anayeanza hurudia mistari miwili mara nyingi sana, na wanaoishi naye wana haki ya kupumzika. Zaidi ya hapo, spika za vinanda hivi ni ndogo, mara nyingi wati 2 au 2.5 kila upande, na hedifoni za kawaida tu zinaweza kukuonyesha sauti ambayo spika hazikuwahi kuitoa. Angalia kipenyo: baadhi ya matundu ni ya milimita 3.5 na mengine 6.35. Kiunganishi cha kubadilisha ni kitu kidogo, ila ni bora ujue mapema kuliko kugundua usiku.

La pili ni la pedali ya kuendeleza sauti. Hutaihitaji wiki ya kwanza, lakini muziki mwingi wa piano haukamiliki bila hiyo. Kinanda kisicho na tundu lake hakiwezi kuongezewa baadaye.

La tatu ni USB ya kuunganisha na kompyuta au simu. Si lazima, lakini inafungua mlango kwa programu za kujifunzia zinazosikiliza unachopiga, na kwa kurekodi. Mapatano ya MIDI yalianza mwaka 1983, na bado yanafanya kazi, kwa hiyo hata kinanda cha zamani chenye tundu la duara la pini tano kinaweza kuzungumza na kompyuta ya leo kwa kupitia waya wa kubadilishia. Kama utaunganisha na simu, tumia waya, hata kwa hedifoni. Sauti ya kinanda ikipita kwenye hedifoni za Bluetooth huchelewa kidogo, na kidole hakiwezi kujifunza wakati sikio linapata taarifa kwa kuchelewa.

La nne ni la umeme, na hapa naomba umakini. Adapta za vinanda hazifanani. Vinanda vingi vidogo vya Yamaha hutumia volti 12, vya Casio vya karibuni volti 9.5. Hata volti zikilingana, chanya inaweza kuwa katikati ya plagi au upande wa nje. Alama yake ni mduara mdogo wenye mistari, uliochorwa kwenye adapta na karibu na tundu la kinanda. Alama mbili hizo zifanane. Kuchomeka adapta "inayoingia" ni njia ya haraka ya kuunguza kinanda kizima. Vinanda vingi vya 61 hukubali pia betri, mara nyingi sita za AA, jambo linalosaidia pale umeme unapokatika. Piano nyingi za dijitali hazina sehemu ya betri.

Hatua ya 6: Yanayovutia macho

Wingi wa sauti nimeshausema. Utatumia piano, labda ogani, labda nyuzi, na nyingine utazisikiliza siku ya kwanza na kuzisahau.

Vibonyezo vinavyowaka taa kukuonyesha pa kubonyeza ninavipinga waziwazi. Vinampa mtoto furaha ya haraka, lakini macho yake hujifunza kukimbiza taa, na taa zikizimwa wimbo unapotea. Kama kinanda kizuri kinakuja nazo, chukua na uzizime.

Maikrofoni inayofungwa pamoja na kinanda, stika za majina ya nota, mamia ya nyimbo za mfano: hivyo huongezwa kwa sababu ni rahisi kuviongeza.

Kwa upande mwingine, mambo mawili madogo yasiyotangazwa sana yana faida kubwa. Moja ni metronomu, ambayo inakuhesabia mapigo bila kuchoka. La pili ni uwezo wa kupandisha au kushusha ufunguo kwa kubonyeza kitufe, ili wimbo ulioujua kwenye C uupige kwa urefu wa sauti unaomfaa mwimbaji. Vingine vina namna ya kugawa kinanda katikati kiwe kama vinanda viwili vyenye C ya kati yake kila kimoja (C iliyo karibu na katikati ya kinanda), mwalimu na mwanafunzi wakikaa bega kwa bega. Ukipata mwalimu wa kuja nyumbani, utaona thamani yake.

Hatua ya 7: Gawa fedha kabla ya kuondoka nyumbani

Bei ya kinanda si gharama ya kuanza. Kinahitaji stendi au meza ya urefu sahihi, kiti, adapta (kwenye baadhi ya maboksi haimo), pedali na hedifoni. Mimi hutenga karibu moja ya tano ya fedha yote kwa vitu hivi kabla ya kutazama kinanda chochote. Ukinunua kinanda kwa fedha yote utakipiga kitandani kikiwa mapajani, na mgongo utakuachisha kabla hujaujua wimbo wa pili.

Fedha ikiwa haitoshi kabisa, punguza kwa mpangilio huu: ahirisha pedali, kisha stendi kama una meza inayofaa. Hedifoni za simu zitatosha mwanzoni. Mguso na saizi ya vibonyezo usiviguse.

Bajeti ikiwa ndogo mno kwa kinanda kipya chenye mguso, usishuke kwenda kwenye kipya kisicho nao. Geukia mtumba. Kinanda kizuri cha miaka kumi iliyopita kilichotunzwa kinashinda kipya cha kuchezea, na vingi huuzwa na watu waliokata tamaa mapema, kwa hiyo vimepigwa kidogo sana.

Hatua ya 8: Kijaribu kwa mikono yako

Hata kama hujui kupiga nota moja, unaweza kukagua kinanda. Omba dakika kumi na tano, na muuzaji akikataa, hilo nalo ni jibu.

Weka sauti nusu, chagua sauti ya piano, ambayo mara nyingi ni namba ya kwanza. Bonyeza kibonyezo kimoja polepole sana, kisha kwa kasi. Zikisikika sawa, usikihukumu bado: baadhi ya vinanda vina mpangilio wa kuzima mguso, na aliyetangulia kukijaribu anaweza kuwa aliuzima. Uliza uwashwe, ujaribu tena.

Sasa pita kibonyezo baada ya kingine kuanzia kushoto hadi kulia, vyeupe na vyeusi, bila kuruka hata kimoja. Pita mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa nguvu. Unatafuta kibonyezo kilicho kimya, kilichokwama, au kinachopiga kelele wakati wenzake wananong'ona. Huyo mpiga kelele ana maelezo yake: kigusio kimoja kati ya vile viwili kimechafuka au kimechakaa, kinanda kinashindwa kupima muda, na kinachukulia kwamba umepiga kwa nguvu zote. Mara nyingi fundi hufungua, husafisha vigusio kwa spiriti safi isiyo na mafuta na tatizo huisha. Kibonyezo kimoja cha namna hiyo ni sababu ya kuomba bei ishuke. Vikiwa sita au saba vimetapakaa, ondoka.

Bonyeza kibonyezo cheupe sehemu ya ndani kabisa, kati ya vyeusi. Kwenye vinanda dhaifu huko huwa kugumu mno, na kodi nyingi zinalazimisha vidole viingie huko. Kisha shusha sauti hadi sifuri na upige upesi: usikilize kelele za plastiki zenyewe. Kama zinagongana kwa sauti kubwa, fikiria usiku wa mazoezi na mtu amelala chumba cha pili.

Zungusha kitufe cha sauti taratibu. Kikikwaruza, kina vumbi ndani. Ni kasoro ndogo. Chomeka hedifoni na uzitikise kidogo kwenye tundu. Sauti ikikatika upande mmoja, tundu limelegea, na hilo ni kazi ya fundi. Tazama skrini kama ina mistari iliyopotea. Fungua mlango wa betri: unga mweupe au wa kijani maana yake betri ziliachwa zikavuja, na kutu inaweza kuwa imeingia ndani zaidi ya unapoona.

Kama pedali ipo, bonyeza nota ya besi, ikanyage pedali, kisha panda nota nyingi kwenda juu ukisikiliza kama ile ya besi inakatwa. Pedali ikifanya kazi kinyume, yaani sauti inaendelea ukiwa hujaikanyaga, usidhani ni mbovu. Pedali hutengenezwa kwa mielekeo miwili ya umeme, na vinanda vingi hutambua mwelekeo pale vinapowashwa. Zima kinanda, toa mguu, kiwashe tena. Nyingine zina swichi ndogo chini yake.

Mwisho, omba kuiona adapta yenyewe, si ahadi ya kwamba ipo nyumbani.

Hatua ya 9: Siku ya kwanza

Ukinunua kipya, tunza boksi na risiti hadi muda wa kurudisha upite, na tumia muda huo vizuri: kiwashe kila siku, kipige saa nzima mfululizo angalau mara moja, rudia ukaguzi wa hatua ya 8 kibonyezo kwa kibonyezo. Kasoro za kiwandani hupenda kujionyesha mapema.

Kiweke mahali kitakapobaki kikiwa tayari. Kinanda kilichofungwa kwenye begi nyuma ya mlango hakipigwi. Kaa ukiwa umelegeza mabega, uinue mikono hadi kwenye vibonyezo, na utazame viwiko: viwe sawa na vibonyezo au juu yake kidogo tu. Viwiko vikining'inia chini, pandisha kiti au shusha stendi. Stendi yenye umbo la X hurekebishwa kwa urahisi, ila ile ya mirija miwili kila upande haitikisiki kama ya mrija mmoja, na kwa piano ya kilo 11 ya mrija mmoja haifai.

Kisha tafuta C ya kati. C ni kibonyezo cheupe kilicho kushoto mwa vyeusi viwili vinavyokaa pamoja. Kwenye vinanda vingi vya 61 ni C ya tatu kuanzia kushoto, wakati kwenye piano ya 88 ni ya nne. Video nyingi za mafunzo hupigwa kwenye 88, na wanaozifuata kwa kuhesabu kutoka pembeni huishia oktava nzima juu. Weka kidole gumba cha kulia hapo na upige nota tano zinazopanda, kwanza kwa upole unavyoweza bila nota yoyote kupotea, halafu rudi chini ukiongeza nguvu kidogo kidogo. Sikiliza kama ngazi ya sauti inapanda sawasawa au kuna kidole kinachoruka mstari. Hicho ndicho kidole cha kuanza nacho kesho.